Watiri na Wasomaji Wake wa Uzi Mwekundu

Kabla sijasema lolote jema juu ya Watiri wa Kingori, acheni niseme kwamba alikuwa mtu wa kupiga. Alimpiga mumewe, akampiga mnunuzi wa maziwa, na kuna mwaka alimpiga dalali sokoni Nyeri kwa kichwa cha kabichi mpaka kofia ya yule bwana ikaangukia kwenye matope. Mkono wake ulikuwa mwepesi na haukujali cheo. Siku hizi wanakuja watu kuniambia kwamba alikuwa mama mpole aliyeonewa. Hao hawakumjua, na mimi huwaambia hivyo hivyo usoni.

Alizaliwa hapa Wamagana na akaolewa hapa hapa, ng'ambo ya mto tu. Kingori, mumewe, alikuwa na kisiagi cha mahindi kinachoendeshwa na injini ya dizeli, na alikuwa na mazoea ya kumpiga mkewe kila injini ilipogoma. Injini ile ilikuwa kongwe, basi mama wa watu alipigwa sana. Siku moja Kingori aliinua mkono wakati Watiri ameshika hendeli ya kuwashia mashine, chuma kizito kilichopinda. Hendeli ikatangulia. Waliokuwa kwenye foleni walisikia mfupa ukilia. Kingori alirudi kutoka hospitali na plasta hadi begani, na tangu hapo mpaka pombe ilipommaliza waliishi kwa heshima. Watu walisema Watiri amemkalia mumewe. Mimi nasema alimfundisha, na mimi ni mwalimu.

Kisiagi kikabaki mikononi mwake. Mwaka ule wa kwanza mkanda wa mashine ukamla vidole viwili vya mkono wa kushoto. Alifunga leso, akamaliza kusaga debe la mteja aliyekuwa akingoja, ndipo akaenda zahanati kwa miguu. Mteja alilalamika kwamba unga wake una damu. Watiri akampiga kibao kwa mkono uliobaki mzima.

Mimi naitwa Mutahi. Nilifundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, nikastaafishwa mapema kwa sababu ya mdomo wangu, kisha nikauhamishia mdomo huo kwenye karatasi. Mvua za El Nino zilipokwisha, mwaka wa tisini na nane, wakulima wa kiwanda chetu cha kahawa walikuwa wamegawanyika. Sisi wengine tulitaka kujitoa kwenye chama kikubwa cha ushirika tujiendeshe wenyewe, na kamati haikutaka hata kusikia. Haya hayakuwa mabishano ya kumalizwa kwa chai. Watu walikatwa kwa panga mlangoni mwa stoo. Shamba la mjane mmoja lilifyekwa miche yote. Mlinzi wa kiwanda alitupwa kwenye tangi la kuoshea kahawa akiwa amefungwa miguu, akaopolewa akiwa hai, lakini hakuzungumza tena sawasawa.

Katika hali hiyo nikaanzisha gazeti dogo la karatasi mbili. Niliandika kwa taipu, nikatoa nakala kwa mashine ya stensili niliyoazima, ile ya kuzungusha kwa mkono. Nililiita Mbuni, kwa jina la ile kahawa duni inayokaushwa na maganda yake. Lilieleza jambo moja tu: wanakamati walisema nini walipojifungia ndani. Nilikuwa na sikio langu mle, na hadi leo simtaji.

Kuandika hakukunishinda. Kulifikisha kwa watu ndiko kulikonitoa jasho. Aliyetaka kuwa msomaji wa kudumu ilibidi aje kwangu, abishe hodi, ajitambulishe, akae, tuzungumze. Mimi niliona hiyo ni heshima. Niliwataka wasomaji niwajue sura. Kumbe nyumba yangu iko ukingoni mwa barabara, na kila apitaye anaona nani amefungua lango.

Ngatia alikuwa jirani na mkulima mwenzangu. Alikuja mchana, akachukua nakala yake, akaikunja na kuificha ndani ya soksi. Kwenye kona ya ua wangu alingojewa na vijana wa Wahome. Walimwangusha, wakamvua viatu, wakaipata karatasi, wakaifinyanga na kumshindilia mdomoni. Kisha wakampiga kwa mawe ya barabarani. Nilipomfikia, jicho lake moja lilikuwa limetoka mahali pake na bado alikuwa akitafuna, kwa sababu waliapa kwamba akiitema watarudi kumalizia na la pili. Nilimtoa karatasi ile mdomoni kwa vidole vyangu, pamoja na damu na kipande cha jino. Kisha nikamfunga kitambaa.

Huyu Wahome alikuwa ndiye ngumi ya kamati. Nilimfundisha kusoma mimi mwenyewe, na hakuna siku elimu yangu imenitia aibu kama alipoitumia kusoma majina ya watu wa kupigwa. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, na hakumgusa mtu kwa mkono wake kama kulikuwa na wa kutumwa. Mkewe, Kananu, alimwoa kutoka Meru. Alikuwa bado mgeni kwetu, Kikuyu chake cha kubahatisha, na sokoni alisema Kiswahili. Wanawake wa hapa walimsalimia na kupita. Nani angekaa kupiga soga na mke wa Wahome?

Baada ya Ngatia hakuna aliyebisha hodi kwangu tena. Nikaifunika taipu kwa gunia, nikaanza kujidanganya kwamba nataka kupanda nyanya. Watiri alikuja akiwa mweupe kwa unga kuanzia nyusi hadi viatu.

“Mwalimu, ati umeacha?”

“Watu wameogopa, mama.”

“Watu hawajaogopa. Wameogopa mlango yako. Ati mtu akuje, apige hodi, aseme jina, akae kwa kiti, aulizwe watoto wako aje, ndio apewe karatasi? Hata mbinguni watu hawasumbuliwi hivyo.”

“Sasa wataipata namna gani?”

“Kila mtu anakula. Lete hizo karatasi kwa kisiagi.”

Kwetu kila gunia linalopelekwa kusagwa lina alama ya uzi, maana magunia yote ni yale yale ya sukari na hakuna anayetaka kubeba unga wa mwenzake. Huyu hushona kijani, yule manjano, akina mama wakitumia mabaki ya uzi wa sweta. Watiri akasema anayetaka Mbuni aongeze uzi mwekundu kwenye pembe ya kushoto ya gunia lake. Basi. Hakuna jina, hakuna hodi, hakuna kuangaliana usoni. Yeye akiona uzi, anasaga, anajaza nusu, analaza karatasi, anafunika na unga uliobaki. Ada ilikuwa kikombe cha mahindi alichochota kabla ya kusaga, na mahindi hayo ndiyo yaliyoninunulia wino. Aliyechoka au kuogopa aling'oa uzi wake, na hakuna aliyemwuliza mbona.

Habari ilipita kwenye foleni, kwa Kikuyu, wanawake wakifuma na kunong'ona. Wiki ya kwanza yalikuja magunia machache. Baadaye nikawa nazungusha ile mashine ya stensili mpaka bega linakufa ganzi. Walisoma watu nisiowahi kuwaota: wazee wa kanisa, mwenye bucha, hata wakulima wa upande wa kamati waliokuwa wakinitukana barabarani. Sikujua ni nani na nani, na mwanzoni iliniuma. Watiri aliniambia nikanywe maji baridi.

Uzi ulivyoenea ndivyo ulivyoleta kosa nisilolitarajia. Watiri alikuwa akiyaingiza magunia ya uzi mwekundu ndani, karibu na mashine, ili atie karatasi bila kuonekana. Mengine yalibaki nje juani. Kananu, mke wa Wahome, ambaye siku zote alikuwa na haraka, aliona hivyo akafikiri wenye uzi mwekundu wanasagiwa kwanza. Hakuuliza, na hata angeuliza hakuna ambaye angemjibu. Alikwenda nyumbani akafumua sweta kuukuu ya mtoto, akashona uzi. Alipokuta karatasi ndani ya unga alidhani ni ya kuzuia fukusi, akawa anawashia moto. Hayo tulikuja kuyajua baadaye kutoka kwake mwenyewe.

Watiri alipotambua gunia lile ni la nani aliniambia, nami nikamwambia aliruke.

“Huyo ni bibi ya Wahome. Unatafuta kifo.”

“Nikianza kuchagua nani apate na nani akose, hiyo ni mlango yako tena, Mwalimu. Ako na uzi. Atapata.”

Nilimwita mwendawazimu. Akanishika kola kwa ule mkono wa vidole vitatu, akanisukuma hadi kwenye ukuta, akanikumbusha kwamba pale si darasani. Nilijua anaweza kunipiga, nikampa karatasi.

Tuliponzwa na unga wenyewe. Mlevi mmoja alilala baa na nakala ya Mbuni mfukoni, na ikafika mkononi mwa Wahome. Wahome aliipuliza, vumbi jeupe likaruka. Akapitisha kidole kwenye mkunjo, akalamba. Nilisimuliwa na aliyekuwa ameketi meza ya pili kwamba alitabasamu, akamaliza soda yake, akatoka.

Walikuja asubuhi ya mkutano mkuu wa kiwanda, siku ambayo kila mkulima alikuwa na shughuli huko. Nilikuwa kisiagini, nimeleta toleo jipya chini ya mahindi. Watiri alikuwa amezima injini ili akaze mkanda. Wahome aliingia na vijana aliowakodi mji wa Kutus, ambao hawakumjua mtu yeyote Wamagana, na ndiyo sababu walikodiwa. Mkubwa wao alivaa koti la jeshi, mtumba wa Nanyuki, na mikononi walikuwa na mipini ya majembe. Mwenye panga alikuwa Wahome.

Hawakupoteza wakati. Walifungua vinywa vya magunia yaliyokwisha kusagwa, wakatia mikono hadi kwapani. La kijani, hakuna kitu. La manjano, hakuna. Lenye uzi mwekundu, karatasi. Jingine lenye uzi mwekundu, karatasi. Wahome aliyasogeza yote ya uzi mwekundu nje, akayapanga ukutani, na akiwa anafikiri akaweka mguu juu ya moja. Lilikuwa la nyumbani kwake. Wanaume wetu ndivyo walivyo: wanakula mwaka mzima na hawalijui gunia linalowalisha.

Nilimtazama Watiri. Alikuwa ameliona lile gunia na kiatu kilicho juu yake. Kama angesema, Kananu angevunjwa shingo jioni ile. Alifunga mdomo.

“Mama,” Wahome akasema kwa ile sauti yake ya chini, “hizi ni za nani?”

“Za wenyewe.”

“Nataka majina.”

“Sina jina hata moja. Uliza uzi.”

Mpini ukatua kwenye goti lake. Alianguka, na aliyempiga alipoinama kumwinua alimtwanga kwa paji la uso, pua ya kijana ikapasuka. Wengine wakamrukia. Nilijaribu kuingilia kati nikapigwa tumboni, nikakaa chini bila kutaka, na mtu akaniwekea mguu shingoni. Kutoka hapo sakafuni niliona viatu zaidi ya sura.

“Tosha,” Wahome akasema. “Wenyewe watakuja kuchukua unga yao. Washa hii mashine, mama, watu wasishtuke. Na nyinyi, mwenye atashika gunia ya uzi nyekundu, msimuulize kitu. Vunja mkono. Zote mbili.” Akatazama saa yake, akaenda zake mkutanoni.

Watu wa Wamagana walikuwa wanakijua kisiagi kwa masikio. Siku za kusaga kililia tangu asubuhi, na kikinyamaza muda mrefu kila mwenye akili alijua kuna jambo. Watiri alilijua hilo kuliko sisi sote. Yule wa koti la jeshi akamwambia awashe. Akakataa. Wakampiga kwenye nyayo. Akakataa. Wakampiga mgongoni, na kila pigo vumbi la unga lilitoka kwenye nguo zake, hewa ikawa nyeupe, tukawa tunakohoa sote, wapigaji na wapigwaji.

“Washa, mathe. Tutakuua hapa.”

“Ueni. Halafu msage wenyewe.”

Mmoja wao akajitia fundi. Alichomeka hendeli, akaizungusha kwa nguvu bila kujua kwamba injini ile ikigoma hurudisha hendeli kinyume. Ilirudi. Nilisikia kifundo cha mkono kikikatika, na kijana yule akalia akimwita mama yake. Watiri, damu ikimtoka puani, akacheka kwa sauti. Nami nikacheka pale chini, Mungu anisamehe, nikapigwa teke la mdomo, meno mawili ya mbele yakabaki kwenye sakafu ile.

Basi mashine ilinyamaza, na kilima kizima kikasikia ule ukimya. Kupitia mlangoni niliona mwanamke ametokea kwenye kona na debe kichwani. Akasimama, akasikiliza, akarudi alikotoka. Akatokea mzee na baiskeli, naye akageuza. Njia ikawa tupu. Nilianza kuamini kwamba hakuna mkono utakaovunjwa siku ile isipokuwa wa Watiri, ambaye sasa alikuwa ameegemea ukuta, goti limevimba.

Halafu akaja Kananu. Alikuja akitembea haraka na mtandio mzuri kichwani, kwa sababu alikuwa amesikia kisiagi kimenyamaza akafikiri foleni imekwisha. Aliwaona vijana wameketi nje akawasalimia. Akaenda moja kwa moja kwenye magunia.

“Acha hiyo!” Watiri akapaza sauti kutoka ndani. “Si yako hiyo, mama. Nenda nyumbani.”

Kananu aligeuka, uso umemwiva. Alidhani anadhulumiwa mchana kweupe kwa kuwa ni mgeni.

“Si yangu aje? Hii ni yangu. Niliishona mimi mwenyewe. Ona uzi.”

Akainua pembe ya gunia wauone.

Mpini wa kwanza ulimvunja mkono wa kulia juu ya kiwiko. Hakulia. Alitazama mkono wake ukining'inia, haelewi, na mtandio ukamwanguka. Watiri akapiga kelele, “Ni bibi ya Wahome! Ni bibi ya mkubwa yenu, nyinyi wajinga!” Wakacheka. Yule wa koti akasema leo kila mtu atakuwa bibi ya Wahome, na akainua mpini kwa ajili ya mkono wa pili.

Sijui Watiri alipataje nguvu. Goti lake halikukunjuka tena maisha yake yote, kwa hiyo najua hakusimama. Alitambaa. Alipita juu ya miguu yangu, akatoka mlangoni kwa viwiko, akajitupa juu ya Kananu, akamfunika mwili mzima. Mpini uliokusudiwa Kananu ukamshukia yeye. Wakamwambia atoke. Akamkumbatia zaidi. Wakaanza kupiga ile mikono iliyokumbatia, ili iachie. Walipiga mmoja ukaachia. Wakapiga wa pili, ule wa vidole vitatu, na huo ulichelewa sana kuachia. Nilikuwa nikipiga mayowe kwa mdomo uliojaa damu na hakuna neno lililotoka lililoeleweka. Sijawahi kuchukia binadamu kama nilivyowachukia wale, na sijaacha.

Habari ilifika kiwandani kwa mtu aliyeona kutoka ng'ambo ya mto. Wahome alikuja akikimbia, peke yake, panga mkononi. Vijana walimpokea kwa furaha.

“Tumepata mmoja,” yule wa koti akamwambia. “Mwenyewe amesema uzi ni yake.”

Wahome alimvuta Watiri kwa bega, akamgeuza upande. Akamwona aliyekuwa chini.

Panga lilikwenda mara moja, na sikio la yule wa koti likaanguka kwenye unga. Wenzake hawakusubiri, mmoja akampiga Wahome mpini wa kisogo, akayumba, akakata mwingine paja, kisha wakatawanyika kwenye mahindi wakiburuta waliojeruhiwa. Wahome akabaki amepiga magoti kati ya magunia, ananung'unika jina la mkewe. Huruma haikunijia. Niliitafuta, haikuwepo.

Tulipelekwa Nyeri kwa gari moja la maziwa, sote wanne, tukilaliana.

Watiri na Kananu walilazwa vitanda viwili vinavyokaribiana. Kananu alikuwa na mkono mmoja kwenye plasta. Watiri alikuwa na plasta mikono yote miwili, mguu umefungwa, jicho moja limezibwa, na ilibidi nesi amlishe uji kwa kijiko, jambo lililomkasirisha kuliko kipigo. Mimi nilikuja kila siku kukaa kwenye benchi kati yao, uso umevimba, siwezi kutamka nusu ya herufi za alfabeti.

Alasiri moja Wahome aliingia na mjumbe wa kamati. Kichwa chake kilikuwa na bandeji. Hakututazama. Aliinama kwa mkewe.

“Kananu, sikiza. Huyu bwana anataka neno moja tu. Sema ni huyu mama alishona hiyo uzi kwa gunia yako, ukiwa hujui. Ukisema hivyo polisi wanamchukua kutoka hapa, kisiagi inafungwa, na atataja wale wengine. Mambo yetu inaisha.”

Ilikuwa karibu iwe kweli. Kananu hakujua uzi ule ni wa nini. Hakuwa amesoma hata mstari mmoja wa Mbuni. Alikuwa amewashia moto nakala zote. Angesema “sikujua” na asingekuwa amedanganya. Na hakuna kati yetu aliyewahi kumfanyia jema lolote, isipokuwa yule aliyelala kitanda cha pili bila mkono wa kufukuza nzi. Watiri alikuwa akitazama dari. Hakumwomba kitu. Nilijua hatamwomba, hata kwa kisiagi, hata kwa wale wote walioshona uzi.

Kananu aliitazama ile mikono miwili ya plasta.

“Nilishona mimi,” akasema.

“Ukiwa hujui.”

“Nikijua. Hiyo karatasi ni yangu. Mimi nasoma.”

Wahome akampiga kofi la mdomo, mbele ya wodi nzima. Damu ikatoka. Wagonjwa wakainuka vitandani, nesi akadondosha sinia. Kananu akalamba mdomo wake.

“Nasoma,” akarudia. “Kila toleo. Andika hivyo, bwana. Andika bibi ya Wahome anasoma.”

Mjumbe hakuandika. Alimshika Wahome mkono akamwambia twende, na walipotoka hakuwa tena akitembea karibu naye. Ngumi ya kamati ambayo haiwezi kunyamazisha nyumba yake yenyewe haikuwa na kazi tena, na kabla ya mavuno walikuwa wameajiri nyingine. Lakini hayo ni ya baadaye.

Wodi ilitulia. Nesi akaokota sinia yake. Kananu alilala, mdomo umeanza kuvimba, kisha akageuza kichwa upande wetu.

“Mama,” akamwambia Watiri kwa sauti ndogo, “hiyo karatasi huwa inasema nini?”

Watiri alinitazama kwa jicho lake moja. Mimi ndiye mwandishi, na mdomo wangu haukuweza kutamka neno. Basi yeye, ambaye hakubakiwa na kiungo kizima isipokuwa ulimi, akaanza kumsomea Mbuni kwa kichwa, toleo la kwanza, ukurasa wa kwanza, na nikagundua kwamba alikuwa amehifadhi yote.